Swali la Kumi na Nne

Dodoso lilichapwa Beirut, kurasa sita,
visanduku vimejipanga kama madirisha ya hospitali.
Swali la kumi na nne:
Umekosa shule kwa miaka mingapi?
Na chini yake mstari mfupi,
usiotosha hata jina la baba.

Nilianzia hema la tatu, mwezi wa pili,
theluji imelala juu ya maturubai
na juu ya matairi yanayoyakandamiza yasipeperuke.
Mimi mzaliwa wa Zahle,
kilomita tisa na karne nzima kutoka pale.

Ghufran alinipa mto mmoja waliokuwa nao, nikaukalia.
Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu wa Bekaa.
Nilimsomea swali. Akalitazama jiko la mafuta, akahesabu:
"Viazi mara tano. Vitunguu mara nne.
Zabibu mara moja tu, nilianguka ngazini."
"Viazi ni mara mbili kwa mwaka," mama yake akasahihisha,
"na ule mwaka wa baridi kali usiuhesabu, vilioza."
Nikaandika tatu. Nikafuta.
Nikaandika: hajui.
Nao ulikuwa uongo, na niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Kisha mtihani wa hesabu, ambao uko kwa Kifaransa,
maana shule zetu huhesabu kwa Kifaransa.
Aliugeuza ukurasa chini juu, akanirudishia kwa adabu.
Sifuri.
Wakati najaza sifuri ile, mtu alibisha nje,
mtoto wa msimamizi, na daftari la madeni.
Ghufran hakuinuka. Alimjibu akiwa amekaa:
kreti ishirini na sita, toa mbili za baba yako,
toa nauli ya lori, toa mkate wa Jumanne,
gawa kwa mikono mitatu, mmoja ukiwa wa mtoto, yaani nusu.
Daftari lilikuwa limekosea. Likarekebishwa mlangoni.
Dodoso langu halikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Kuuliza si ujinga, tunaambiwa.
Lakini mama yake alinimiminia chai, akasema taratibu,
kama anayeuliza bei ya unga:
"Mwaka jana alikuja mwenzako. Na mwaka juzi, wawili.
Wote tuliwajibu.
Binti yangu alikwama darasa la tatu.
Hayo majibu yetu, je,
yenyewe yamefika darasa la ngapi?"

Chai ilikuwa ya moto. Niliinywa hivyo hivyo.

Wakati naaga, Ghufran aliniomba karatasi.
Nilikuwa na dodoso moja tupu, la akiba.
Nikampa, nikijua kila nakala imepewa namba.

Nilirudi mwezi wa tano kuhakiki takwimu.
Theluji imekwenda, matope yamebaki, na nzi.
Ghufran yuko shambani.
Nilimkuta mdogo wake, Mudar, miaka sita,
ambaye shule ya zamu ya alasiri ilimwambia: nafasi zimejaa.
Amelala kifudifudi juu ya dodoso langu.
Kila kisanduku kimepata mpangaji:
alifu kwa ujiti kwenye Ndiyo,
be kwenye Hapana,
te, imekosewa, imefutwa kwa mate, imerudiwa,
kwenye Sitaki kujibu.
Kurasa sita, mbele na nyuma,
mistari ya dada mtu kwa wino, ya kwake kwa mkaa.

Akanisomea kwa kidole, kwa sauti ya mwalimu
ambaye hajawahi kumwona:
"U-me-ko-sa. Shu-le."
Hakuuliza maana yake. Alifurahi tu kwamba imesomeka.

Na kwenye swali la kumi na nne
alikuwa ameandika jina lake, la baba, la babu,
likavuka mstari, likavuka pambizo,
likamalizikia juu ya mkeka.

Ofisini waliniuliza: namba mia mbili na kumi na moja iko wapi?
Nikasema imepotea kambini.
Wakaandika: imepotea.
Sikuwasahihisha.